Malalamiko ya ubaguzi chuoni si "hisia za kufanyia kazi"

Mkuu, umeuliza chuo kinachofundisha tiba ya kisaikolojia kianzie wapi kuzuia ubaguzi wa rangi, na umesema uongozi tayari umeandika sera ya kurasa mbili na kupanga semina ya siku moja. Viwepo vyote viwili, ila hapo bado hamjaanza.

Vyuo vya fani hii vina ugonjwa wao ambao huwezi kuukuta chuo cha ufundi wa magari: lalamiko hugeuzwa kuwa dalili. Mwanafunzi akisema mkufunzi amemwita kwa jina la mwanafunzi mwingine mweusi mara ya nne sasa, anaulizwa kwa sauti ya upole, "Hili linakugusa wapi?" au anaambiwa alipeleke kwa mtaalamu wake binafsi, yule anayempa tiba yeye mwenyewe. Akikasirika, hasira nayo inaandikwa. Si jambo geni katika taaluma hizi. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, aliwatungia watumwa waliokuwa wakitoroka ugonjwa wa akili, akauita drapetomania. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi Oktoba 2021 tu. Fundisheni haya muhula wa kwanza, ili mtu akilisikia swali la "linakugusa wapi" ajue lina ukoo gani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha njia mbili. Kundi la kujitafakari, ambamo wanafunzi huzungumza yanayowagusa katika mafunzo, ni la hisia. Shauri haliamuliwi humo, hata wanakundi wakiomba. Lalamiko lipokelewe na mtu ambaye hamsahihishii mlalamikaji kazi, haongozi kundi lake na hamsimamii kliniki. Chuo chenye wakufunzi watano hakina mtu wa namna hiyo, maana kila mmoja amevaa kofia tatu. Tafuteni mtu wa nje na muandikiane mkataba sasa, kabla shauri halijatokea. Mkimtafuta moto ukiwa umeshawaka, mtachukua rafiki wa mkuu wa chuo. Wekeni muda: siku 3 za kazi kuthibitisha kupokea, wiki moja kumsikiliza, siku 30 kutoa uamuzi kwa maandishi. Kumbukumbu ziwe na maneno yenyewe yaliyotamkwa, tarehe, waliokuwepo, na mlalamikaji anataka nini kifanyike. Tafsiri ya kisaikolojia haina nafasi katika fomu hiyo. Na mtaalamu binafsi wa mwanafunzi asiombwe taarifa yoyote, hata ya "kwa ufupi tu".

Kisasi hapa hakiji kwa fimbo, kinakuja kwa alama. Tathmini nyingi za fani hii ni maoni: "hajakomaa", "anajilinda mno", "hapokei mrejesho". Kwa muhula mzima baada ya lalamiko, kazi za mwanafunzi huyo zisahihishwe na mtu wa pili asiyejua alama ya kwanza, na kila neno la aina hiyo liambatane na mfano kutoka kwenye rekodi ya kikao. Likikosa mfano, lifutwe.

Usaili wa kuingia ni rahisi kuurekebisha. Maswali yawe yaleyale kwa wote, wasaili wawili, kila mmoja ajaze alama peke yake kabla hawajazungumza. Pimeni kama mtu anaeleweka. Lafudhi haina alama. Swali la "atachangamana na kundi?" liondoeni kabisa.

Darasani, mazoezi ya watatu (mshauri, mteja, mtazamaji) yapangwe kwa ratiba ya mzunguko. Mkiwaachia wachaguane, kuna mtu atabaki peke yake kila wiki, na mnamjua. Kisha fungueni mifano ya wateja mnayofundishia na muihesabu. Mara nyingi mtu mweusi anatokea kwenye somo la hasira au umaskini tu, halafu somo la huzuni ya kufiwa lina Wazungu watupu. Somo moja la saa mbili juu ya utamaduni mwishoni mwa mwaka haliponyi hilo.

Neno la kibaguzi likitamkwa darasani, mkufunzi asimamishe kipindi papo hapo, alitaje neno lenyewe, aseme kwa nini halifai, na asimgeukie aliyelengwa kumuuliza mbele ya watu anajisikiaje. Kosa la kawaida ni aliyesema kulia, darasa zima likamfariji, na aliyetukanwa akaishia kumbembeleza. Mapumziko ya dakika 10 yanatosha kuuvunja mchezo huo. Baada ya kipindi mkufunzi azungumze kwanza na aliyelengwa, kisha na aliyesema, kila mmoja peke yake, na aandike kumbukumbu siku hiyohiyo.

Kliniki ndiko wengi wanakovuruga. Mteja anakataa mshauri mwanafunzi kwa rangi yake, mtu wa mapokezi anabadilisha jina kimyakimya, mwanafunzi anashangaa kwa nini hana wateja. Uamuzi huo uwe wa msimamizi peke yake. Mteja aliyeumizwa na ubaguzi akiomba mtu wa jamii yake ili apate kufunguka, hilo ni ombi la tiba. Anayesema "sitaki hao" hastahili kukubaliwa vivyo hivyo. Vyovyote vile mwanafunzi aambiwe ukweli, na apewe mteja mwingine ndani ya wiki hiyo, kwa sababu saa za kliniki ndizo zinazomhitimisha. Akitukanwa ndani ya kikao, awe na ruhusa iliyoandikwa ya kusema, "Maneno hayo siyapokei. Tunaweza kuendelea bila hayo, au tuishie hapa leo." Msimamizi aanze na "uko salama?" Habari za mteja kuhamishia kwa mshauri hisia alizonazo juu ya watu wengine zingoje kikao kinachofuata.

Mwisho wa mwaka hesabuni kwa kila kundi la watu: walioomba, waliopokelewa, walioongezewa muda, walioacha. Namba zikiwa chini ya 5 unganisheni miaka mitatu, la sivyo mtu atatambulika. Na daftari la malalamiko likiwa tupu miaka hiyo yote, msilisifie bado. Wapigieni simu walioacha masomo, na anayepiga asiwe mkufunzi wao.