ULIZA FUNDI: Kampuni imesema nichague gari, roho inataka GTI

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni afisa mauzo kwenye kampuni ya pembejeo hapa Mbeya, nakaa Soweto. Miaka minne nimezunguka kwa pikipiki na Costa, sasa bosi kaniita juzi kasema napewa gari ya kampuni, nichague mwenyewe ila iwe gari ndogo ya milango mitano na isizidi cc 2000. Wenzangu wawili hawakufikiria mara mbili wamechukua IST. Ila mi fundi tangu niko sekondari naota Volkswagen Golf GTI, na nimeiona moja ya 2012 mtandaoni, nyekundu, rimu 18, giaboksi DSG (otomatiki ya klachi mbili), bei inaingia kabisa kwenye bajeti niliyopewa. Ruti yangu ni mjini hapa, Tukuyu mpaka Kyela, Mbozi, na mara mbili kwa mwezi Njombe kwa wakulima wa parachichi. Kwa mwezi nagonga kama kilomita 2,500. Mhasibu ananitisha eti makato ya mshahara yatapanda kisa gari, ni kweli? Na hii GTI nikiichukua ntajuta?
Afisa Mauzo, Soweto, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, kutoka kwenye Costa mpaka kuambiwa uchague gari siyo kitu kidogo. Na sikucheki kwa kutaka GTI, wengi watakucheka halafu wakipewa lifti ndo wa kwanza kukaa mbele.

Nianze na hewa, maana hapo ndo watu wengi wa huku hawapaangalii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu nyepesi, presha yake ni kama asilimia 80 na kidogo ya ile ya Dar. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, ikipata kidogo inachoma kidogo, kwa hiyo gari iliyoandikwa nguvu za farasi 150 kwenye karatasi ukifika nayo Uyole unabaki na kama 125 hivi, na ukiipandisha barabara ya Chunya ndo inazidi kupungua. Turbo yenyewe inaisukuma hewa kwa nguvu, so hasara yake ni ndogo sana. Hiyo GTI ina turbo, cc 1,984 na farasi 210, na huku milimani karibu wote utawaona. Anayekwambia turbo ni mbwembwe tu za vijana hajawahi kukaa nyuma ya lori la Zambia Mlima Nyoka anasubiri nafasi ya kupita na gari haina pumzi.

Kwa hiyo kwenye lami GTI ni gari yako. Shida ni pale lami inapoishia.

Masika yaliyopita waliniletea Golf ya namna hiyo hiyo, mwenyewe analalamika inavuta kushoto na kuna kitu kinakwaruza chini. Nikaipiga jeki. Tairi la mbele kushoto limetoa nundu ubavuni saizi ya yai, rimu imekunjwa ukingo, nikafungua kava la chini ya injini likadondosha tope karibu karai zima na jani la mgomba limejikunja humo ndani kama limefungiwa kitumbua. Nikamuuliza kaka ulipita wapi, akasema shambani kwa mteja, Rungwe, mita mia tatu tu kutoka barabarani. Mita mia tatu mwanangu! Sasa wewe wateja wako wote wako hizo mita mia tatu. GTI chini haifiki sentimita 15 kutoka ardhini, na rimu 18 inavaa tairi la 225/40, maana yake ule ubavu wa tairi ni sentimita 9 tu, shimo likikaza hakuna mpira wa kulikinga, linapokea chuma.

Halafu mafuta, hapa nenda kaongee na mhasibu kabla hujasaini kitu. Kampuni nyingi zinapiga hesabu ya mafuta kwa kilomita, na kama wenzako wana IST ujue hesabu imeshapigwa kwa IST. Tuseme anakupa lita moja kwa kilomita 12, kwa kilomita zako 2,500 ni lita 208. GTI kwa milima hii na mguu wako ambao bado siujui, mi naiwekea kilomita 9, hapo unahitaji lita 278. Lita 70 nani analipa? Bei ikichezea kwenye elfu tatu hiyo ni 210,000 kila mwezi inatoka mfukoni mwako kwenye gari ambayo hata kadi haina jina lako.

Makato ni kweli yapo ila mhasibu kakutisha bure. Sheria inasema ukipewa gari na mwajiri na unaitumia mambo yako binafsi, kuna kiasi kinaongezwa kwenye kipato chako cha mwaka kisha kinakatwa kodi. Kwa gari ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000 ni 500,000 kwa mwaka kama gari haijafikisha miaka 5, ikishapita miaka 5, kama hiyo ya 2012, ni 250,000. Hiyo haikatwi yote jamani, inaongezwa kwenye kipato. Hata kama uko kwenye asilimia 30 kodi yake ni 75,000 kwa mwaka, elfu sita na ushee kwa mwezi, soda na chipsi mayai. Na kama kampuni haidai gharama zozote za hiyo gari kwenye hesabu zake za kodi hauongezewi hata senti, ila mhasibu gani ataacha kudai. Bosi kuzuia cc 2000 siyo roho mbaya, ukivuka hapo, mfano Mazdaspeed Axela yenye cc 2,260, kile kiwango kinakuwa mara mbili na ushuru wa bidhaa bandarini unatoka asilimia 5 unaenda 10.

Na hapo kwenye bandari, hiyo ya 2012 imeshapita miaka 10 kwa hiyo ina ushuru wa uchakavu asilimia 30 juu ya mengine yote, ya miaka 8 mpaka 10 ingekula 15. Usimpelekee bosi bei ya mtandaoni, mpelekee bei baada ya kikokotoo cha TRA, maana anaweza kukubali leo akakugeuka gari ikiwa Dar. Pia kampuni hairudishiwi VAT kwenye gari ya abiria wala spea zake, so kila risiti ya spea utakayompelekea inamuuma nzima nzima. Za Golf mi mara nyingi naagiza Dar zinakuja kwa basi, gari inalala hapa siku tatu nne, na wewe unarudi kwenye Costa.

Ningekuwa mimi? Subaru. Impreza Sport ya 2.0, au bora zaidi XV ambayo ni Impreza ile ile imeinuliwa, chini ina sentimita 20, inavuta magurudumu yote manne, na ule udongo wa Tukuyu ukilowa utanikumbuka. Ndiyo, haina turbo, ni zile farasi 150 nilizokwambia zinakuwa 125, najua nimetoka kuisifia turbo sasa hivi. Ila kona za Kiwira asubuhi kuna ukungu na lami imeloa, XV inakaa barabarani vizuri na wewe unabaki na tabasamu, na spea zake ziko hapa hapa Mwanjelwa, bei mnaelewana. Giaboksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, oili yake ibadilishwe hata kama muuzaji kasema haibadilishwi.

Kama roho imegoma kabisa ni GTI, basi vua rimu 18 weka 17 na tairi 225/45, kimo cha gurudumu kinabaki karibu kile kile ila unaongeza sentimita moja ya mpira. Weka bamba la chuma chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. DSG yake inabadilishwa oili kila kilomita 60,000, ukikuta hakuna rekodi badilisha siku ya kwanza. Na lita za mafuta ziandikwe kwenye mkataba kwa maandishi. Lingine dogo, tochi za trafiki za kupima spidi. Faini ya 30,000 inasoma kwenye namba ya gari na yeyote mwenye simu anaiona, kwa hiyo ukipita Igurusi na 85 kwenye 50, bosi anajua kabla hujafika Chimala.

SWALI: Fundi mi niko Mafinga, kampuni inanipa Suzuki Swift Sport ile ya cc 1400 turbo, nichague manyuo au otomatiki. Kila wiki naenda Morogoro kupitia Kitonga.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Umebahatika, ile gari ina kama tani moja tu na farasi 140, Kitonga itapanda kama mbuzi. Kama utaiendesha peke yako chukua manyuo, ukishuka unaweka gia ya pili injini inashika, breki hazinuki. Ila kama wikiendi inachukuliwa na watu wa ofisini chukua otomatiki, maana siku lori limelala kwenye kona na foleni imesimama mlimani, yule kijana wa stoo ataikalia klachi saa nzima na Jumatatu utaambiwa wewe ndo uliyeiunguza.