Kona ya Fundi: Kitochi cha mama kitazimwa?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za vitochi. Mimi sina ugomvi na hilo, maana meza yangu hapa Majengo, Dodoma, bado inalishwa na simu za batani kuliko za kupangusa. Ninayo ya batani hata mimi, na vijana wanaokuja kubadilisha vioo huwa wananicheka.

*Habari za kazi fundi. Nauza mahindi na alizeti Kibaigwa. Wanangu walioko Dar wameninunulia simu kubwa ya kupangusa na wanataka kitochi nikitupe. Wanasema serikali itazizima simu zote za batani kama ilivyofanya zamani, na hela zangu zilizomo zitapotea. Tena wananilaumu nachelewa habari za ukoo. Mchango wa harusi ya binamu yao nimeusikia kikao cha mwisho. Nifanyeje?*
*Mama wa Magunia, Kibaigwa*

Mbukwenyi mama, nzuri. Tuanze na hela, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Hela haimo ndani ya simu. Iko kwa kampuni ya laini, imeandikwa kwenye namba yako, na namba yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole vyako. Kitochi kikitumbukia chooni leo (na vingi ninavyoletewa vimepitia huko), laini unaiweka kwenye simu nyingine yoyote, unaingia menyu ile ile, salio unalikuta. Hata laini yenyewe ikipotea, unakwenda dukani kwa kampuni yako na namba ya NIDA, unaweka kidole, unarudishiwa namba ile ile. Hela inapotea pale mtu mwingine anapoijua namba yako ya siri, hata awe mwanao wa kumzaa.

Kuhusu kuzimwa, wanao wamechanganya mambo mawili. Juni 16, 2016, TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia, zile zenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya kughushi. Vitochi vingi vilikufa usiku ule kwa sababu vilikuwa bandia, na simu za kupangusa za bandia nazo zilikufa. La pili ni laini: kuanzia Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Yote mawili hayakuwa na uhusiano na batani, na kama wewe unapiga na kupokea hadi leo, ulishavuka. Ukitaka kutuliza moyo, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Ziandike kwenye ujumbe, utume kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine kabisa na hiyo uliyoshika, hapo sasa tuzungumze. Halafu bonyeza *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lako, usije ukawa unatembea na laini ya mtu usiyemjua.

Sasa harusi. Hapa siko upande wa wanao. Wewe simu yako inaita, inapokelewa, na sokoni pale naamini hakuna dereva wa Fuso aliyewahi kukukosa. Mtu aliyeshindwa kupiga dakika moja kumwambia mama yake kikao ni Jumapili asisingizie kitochi. Siku hizi watu wakishaandika kwenye kikundi cha WhatsApp wanahesabu wamemwambia dunia nzima, wakati nusu ya kikundi hawana bando na nusu nyingine hawasomi.

Lakini simu waliyokununulia usiirudishe. Kwa biashara yako ina faida moja ambayo kitochi hakiwezi, nayo ni picha. Mnunuzi wa mbali siku hizi anataka kuiona alizeti kabla hajatuma gari: punje, rangi, takataka zilivyo. Basi simu ya kupangusa iwe ya picha na ya hicho kikundi, ikae nyumbani au kwenye mkoba, na laini nyingine. Laini ya hela na ya wateja iache kwenye kitochi. Vumbi la magunia hulijui wewe? Vidole vyenye unga vinapangusa kitu gani? Na saa kumi alfajiri mnapopakia, tochi ile ya juu unaiwasha kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika daftari.

Jambo la kuangalia kabla hujahamisha chochote ni majina. Vitochi vingi vinahifadhi sehemu mbili, kwenye laini na kwenye simu. Yaliyo kwenye laini yanasafiri nayo, yaliyo kwenye simu yanabaki humo. Nimewaona watu wamechomoa laini, wamempa mtoto kitochi achezee, kisha wanamtafuta “Mzee Mashine” na “Mteja Singida” hawawaoni. Ingia kwenye orodha ya majina, chagua kunakili kwenda kwenye laini. Laini nayo ina mwisho wake, nyingi zinachukua majina 250 hivi, na jina refu inalikata. Ukiwa umeandika “Dereva Fuso Nyekundu” na “Dereva Fuso Nyeupe”, utajikuta na “Dereva Fuso N” wawili. Weka rangi mbele.

*Fundi, nanunua LUKU kwa kitochi, hela inakatwa ila namba haziji. Jirani anasema simu imezeeka. Jana tumelala giza.*
*Msomaji, Kondoa*

Angalia juu ya kioo. Kuna kibahasha kinawaka na kuzima? Kama kipo, sanduku la ujumbe limejaa, na simu haijazeeka hata kidogo. Kitochi kinabeba ujumbe mchache, na kikishajaa, mpya unasubiri mlangoni. Futa, kisha zima simu na uiwashe. Namba zako zitaingia, mara nyingi ndani ya dakika chache. Anza kufuta matangazo ya bahati nasibu na ya vifurushi, maana hayo ndiyo yanayojaza. Ujumbe wa miamala nakili kwenye daftari kabla hujaufuta, hasa namba ya muamala.

Namba za LUKU ni 20, na kwenye kioo kidogo zinakatika mistari miwili. Mimi ninaziandika kwa mkaa ukutani, nne nne, ndipo nakwenda kwenye mita. Mama watoto amelalamika sana kuhusu ule ukuta.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Nimerudi kwenye kitochi ili nisome. Kuna namna ya kuweka WhatsApp?*

Kijana wangu, umetoka kule kwa sababu gani? Kitochi cha kawaida hakiwezi. Vilikuwepo vitochi vyenye mfumo uitwao KaiOS vilivyoiweza, lakini WhatsApp wenyewe wameacha kuvihudumia, kwa hiyo atakayekuuzia kimoja kwa ahadi hiyo anakupiga. Masomo yakitumwa kwenye kikundi, mwambie mwenzako wa chumba akuonyeshe jioni.

*Shikamoo fundi. Niko Bahi, nalima mpunga. Kitochi changu watu wanasema sauti yangu inatoka ndani ya debe. Betri nayo inaisha kabla jua halijazama, na zamani ilikaa siku nne. Mjukuu ameninunulia nyingine imeandikwa namba kubwa sana, haina tofauti. Halafu redio imekataa.*
*Mzee wa Jaruba, Bahi*

Marahaba, ingawa nahisi mimi ndiye ningekuamkia. Hapo una matatizo matatu, na yote hayahitaji nauli ya kuja mjini.

Sauti kwanza. Upepo wetu wa Julai na Agosti hauachi tundu. Geuza simu, tazama chini kabisa karibu na batani ya nyota: kuna kijitundu, hapo ndipo mdomo wa simu ulipo. Toa betri, fungua kava, usugue kwa mswaki mkavu, taratibu, simu ikitazama chini ili vumbi lidondoke. Usichomeke sindano. Maikrofoni ipo nyuma tu ya hilo tundu, na sindano ndiyo inayoniletea wateja. Petroli nayo usithubutu, hata kama fundi wa pikipiki amekushauri.

Betri ya zamani itoe, uilaze mezani, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba tumbo. Usiitoboe, usiichome kwenye taka, wala usiirudishe kwenye simu. Ikikaa tuli, haijavimba, ila yaweza kuwa imechoka tu. Hiyo mpya ya mjukuu soma namba iliyoandikwa ubavuni. Betri halali ya BL-5C, ile inayoingia kwenye vitochi vingi vya Nokia, ni kama mAh 1020. Ikiwa kwenye kiboksi kilekile wameandika 3000, karatasi inasema uongo, na mara nyingi ukiipima kwa kiganja utaiona nyepesi kuliko ile ya zamani. Mwambie mjukuu airudishe dukani, asione haya. Na kama unachajisha dukani kwa mwenye sola, mwombe asitumie chaja ya kobe, ile inayobana betri nje ya simu, kwa betri yako. Kobe nyingi hazijui kuacha, zinaendelea kujaza mpaka betri inachemka.

Redio haijakataa. Vitochi vingi havishiki FM mpaka uchomeke hedifoni, kwa sababu waya wake ndio antena. Hata hedifoni iliyokufa sikio moja inafaa, mradi waya haujakatika. Ichomeke, tafuta stesheni, kisha chagua spika upate taarifa ya habari ya TBC Taifa ukiwa jarubani.