Kabla ya kununua shawa, pima kimo cha simtanki lako

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, macho ya wengi yanakimbilia zile shawa pana za mraba zinazomwaga maji kama mvua ya masika. Ni nzuri kweli. Ila kabla hujatoa hela, jiulize maji yako yanashuka kutoka kimo gani.

Huku kwetu Bugarika nyumba zimepandana juu ya mawe. Ziwa liko chini, maji yanasukumwa kwa pampu hadi mlimani, na wengi wetu tunayapokea kwenye simtanki kwanza. Kuanzia hapo, nguvu ya shawa inatoka kwenye kimo cha simtanki, basi. Mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa 1. Sasa piga hesabu: mnara wa mita 4, kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka sakafuni, zinabaki mita 2. Hiyo ni baa 0.2 tu, na shawa pana itakuchuruzikia. Kwa hiyo pima kutoka kitako cha simtanki hadi kichwa cha shawa, usipime hadi sakafuni. Sisi tulipandisha simtanki kwenye jiwe la nyuma ya nyumba, juu kuliko paa, tukateremsha bomba la robo tatu ya inchi na kuingia nusu inchi pale bafuni tu. Kichwa cha shawa tulichagua kidogo. Mtu unaoga ukatosheka.

Ukutani, koki ya maji moto na baridi inataka matundu mawili yaliyoachana sentimita 15, moto kushoto, yakiwa sawa kwa pima maji. Mwambie fundi ahesabu unene wa plasta na kigae mapema, ili mdomo wa elbo, kile kiungio cha kona, ulingane na uso wa kigae.

Halafu kuna jambo ambalo silegezi hata kidogo. Fundi wangu alitaka kuendelea: "Mama, vigae tunaanza leo." Nikamwambia, "Hapana fundi, maji yalale kwanza kwenye bomba." Ziba midomo yote, fungulia maji, acha hadi asubuhi. Kisha pangusa kila kiungio kwa karatasi ya chooni iliyo kavu. Tone ambalo jicho halilioni, karatasi italionyesha. Kubomoa vigae vipya kwa sababu ya kiungio kimoja kunauma sana.

Kabla ya kufunga koki yenyewe, fungulia maji yatoke kwa nguvu kwenye ndoo. Utaona mchanga na mabaki ya plastiki. Hayo ndiyo yanayoziba chujio la koki mpya. Tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja izungushwe kwa mwelekeo wa saa, meno yakikuelekea wewe. Ila kwenye mpira wa sinki wenye washa ndani, yaani kile kipete cha mpira, usiweke tepu, washa ndiyo inayozuia maji. Na spana isiguse chromu bila kitambaa.

Shawa ya umeme mwachie fundi umeme, iwe na waya wa ethi na brekari yake. Angalia pia presha iliyoandikwa kwenye boksi, maana maji yakiwa dhaifu haitawaka.

Mwisho, dai koki ya kufungia maji ya bafuni peke yake, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaifikia, ili siku washa ya bafuni ikichakaa, jikoni waendelee kupika.