Msiishie Mkunazini, fikeni Mbweni

Mhariri, wiki hii umeuliza ni shule gani kongwe tungependa kila kijana aione kabla hajamaliza kidato cha nne, na tukifika naye hapo tutamwonyesha nini. Jibu langu ni magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Mbweni, Unguja.

Nalitoa kwa aibu kidogo. Nimefundisha historia miaka mingi, na mara tatu nimevusha wanafunzi kutoka bara kwa boti kwenda Unguja. Safari zote tatu ziliishia Mkunazini: kanisa kuu lililojengwa penye soko la watumwa, vile vyumba vya chini, picha mbele ya sanamu zenye minyororo shingoni, kisha Forodhani kula urojo. Mbweni iko kilomita chache tu kusini mwa mji, na sikuwafikisha. Nilikwenda peke yangu baada ya kustaafu, tena kwa kupitia tu.

Nianze na shule yenyewe ilivyozaliwa. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilitokana na hotuba aliyoitoa Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, na mwanzo wake ulikuwa wa misiba. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alifariki mwaka 1862 katika nchi ambayo leo ni Malawi, na wenzake kadhaa wakamfuata. Askofu Tozer alipochukua nafasi yake aliona bora wahamie Unguja, wakaingia mwaka 1864. Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Shule ikaanza na hao watano. Mmoja wao, John Swedi, mwaka 1879 alifanywa shemasi.

Idadi ilipokua, wavulana wakawekwa Kiungani, hukohuko Unguja. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, likawa makazi ya wasichana na pia kijiji cha watu wazima waliookolewa na manowari za Kiingereza, kila mmoja na kipande chake cha kulima.

Kiungani haihitaji mpiga debe. Huko ndiko alikosoma Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo, mwaka 1890. Misheni hiyohiyo ilikuwa na mashine ya kuchapa ambayo vijana walifundishwa kuiendesha, huku mmisionari Edward Steere akikusanya ngano na kuandika sarufi ya Kiunguja. Mwaka 1928, kikao cha Mombasa kilipotafuta lahaja ya kusimamishia Kiswahili sanifu, Kiunguja kilishaandikwa na kuchapwa kwa zaidi ya nusu karne. (Wenyeji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, mtanisamehe, najua kidonda hakijapona.) Mwaka 1925 shule ikahamishiwa bara, Minaki, karibu na Kisarawe, na waliopita Minaki hawachoki kutusimulia.

Lakini muulize msimuliaji huyohuyo: padri Majaliwa alimwoa nani? Alimwoa Lucy Magombeani, msichana wa Mbweni. Ndivyo misheni ilivyopanga tangu mwanzo. Mwalimu au padri aliyetoka Kiungani alitafutiwa mke Mbweni, wakatumwa pamoja bara, kwa Wayao, kwa Wamakua au kwa Wabondei, mume afundishe wavulana na mke afundishe wasichana. Vitabuni mume ana jina na tarehe, mke ana kistari. Majaliwa alifungua kazi Chitangali, ng'ambo kabisa ya kusini, na sidhani angekaa huko miaka yote ile kama mkewe naye asingekuwa amesoma.

Ila nisiipambe Mbweni. Wasichana hawakutendewa sawa. Waliokuwa wepesi wa kitabu walifundishwa kusoma, kuandika na kufundisha wengine. Walioonekana wazito walipelekwa upande wa kazi, kufua, kupika na kushona, na nguo walizofua zilikuwa pia za Wazungu wa mjini. Msichana ametekwa utotoni, amesafirishwa miguu na jahazi, amefika mahali anaambiwa yuko huru, halafu anapimwa kama ana kichwa au hana. Mimi mwalimu nilisimama pale nikajiona. Sisi nasi tumewagawa wanafunzi A na B darasani, tukawapa wa mwisho ufagio.

Aliyeendesha yote hayo kwa robo karne ni Caroline Thackeray, Mwingereza, ndugu wa ukoo wa William Thackeray, yule mwandishi wa riwaya. Alifika mwaka 1877, akaacha ukuu wa shule mwaka 1902, lakini kwao hakurudi. Alibaki Mbweni hadi kifo chake mwaka 1926 na kaburi lake liko hapohapo. Nina maneno ya kumsema kuhusu ule mgawanyo, na bado namvulia kofia: wamisionari wengi wa siku zake malaria iliwamaliza au kuwarudisha kwao ndani ya miaka michache. Jina lake lilipenya hata katika ukoo wa wanafunzi. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alibatizwa Hugh Martin Thackeray. Ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika kule Tanga mwaka 1922, na mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Watanganyika watatu waliokwenda London kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Tukifundisha mizizi ya TANU huwa tunaanzia African Association ya mwaka 1929. Ningependa tuanzie kwenye shamba hili.

Sasa nitawaonyesha nini? Paa hakuna. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama, na mizizi ya miti imeshika mianya. Kanisa dogo la shule bado unalitambua kwa matao yake. Bahari iko hatua chache, na kwa miaka mingi kiwanja kilikuwa bustani ya hoteli, ndiyo maana huenda wengi wenu mmeona magofu hayo nyuma ya picha za harusi bila kujua ni darasa.

Nisingewapa hotuba. Ningewapa kamba. Nyumba za mawe za Unguja zilifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazizidi sana mita tatu, hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Wapime upana wa kila chumba kilichobaki, waone wapi fundi aliitii boriti na wapi aliikataa, kisha walale chini wakiwa wamebanana, waniambie chumbani humo wanaenea wasichana wangapi. Wakimaliza twende makaburini, kila mmoja achague jina moja la mwanamke na kuliandika daftarini bila kulifupisha.