Kijana wangu hakuwa mkorofi, alikuwa anatusikia

Dada, umesema kijana wako wa miaka 15 anakula peke yake, baba yake akiingia yeye anatoka, na shuleni ameporomoka. Unauliza kama umpeleke bweni. Subiri kwanza, nikueleze yaliyonikuta hapa Kigoma.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Kazi yetu ni usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea tunapumzika. Mwanangu alikua akimjua baba anayelala mchana. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu niko nyumbani, mfukoni sina kitu. Ugomvi na mama yake ukawa wa kila usiku: hela ya unga, deni la injini. Tulidhani watoto wamelala. Lakini nyumba zetu unazijua, ukuta haufiki kwenye paa.

Kijana alikuwa kidato cha pili, mwaka wa upimaji wa taifa. Kichwa kikaanza kumuuma, dawa anameza na hapati nafuu, asubuhi kuamka ni shida. Nikamwita mvivu. Nikampiga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja nashona nyavu kivulini, akapita. Nikamwambia, shika upande huu. Sikumuuliza kitu. Tukashona karibu saa nzima, macho yote kwenye matundu ya wavu, kisha akasema bila kuinua kichwa: "Baba, mkiachana mimi nitakaa na nani?" Sindano ilinidondoka. Kumbe kila usiku alikuwa anaamka kusikiliza kama mama yake anafunga mizigo.

Nilimwomba radhi palepale, kwa kile kipigo pia. Nikamtajia deni lote, kiasi gani na tunadaiwa na nani, maana alichokuwa anakiwaza kilikuwa kikubwa kuliko deni lenyewe. Mimi na mama yake tukakubaliana mambo ya hela tuyazungumzie ufukweni, mchana, sisi wawili. Tumeteleza mara kadhaa, sikufichi. Ila kichwa kilipungua polepole, akarudi kula na sisi. Shuleni hesabu bado zinamsumbua.

Bweni silipingi, lakini ukimpeleka sasa ataona amefukuzwa, na huko atalala akiwaza nyumbani kuna nini. Akitamka habari za kufa au kujidhuru, hapo usingoje hata siku moja: mpeleke hospitali, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Kama hajafika huko, zungumza na mumeo leo. Atafute kazi ya mikono inayotaka watu wawili, iwe kuezua banda au kufungua baiskeli, amwite kijana amshikie. Na siku hiyo ya kwanza asimuulize chochote.