Mtoa mada, mdogo wako aseme paja linauma, na aseme leo

Mkuu, huyo wakala asipewe nafasi ya kuongea tena na mdogo wako kabla hujamaliza kusoma hapa.

Umeandika kwamba dogo anacheza kornabeki (beki wa pembeni anayewazuia wapokea mipira), hakuchaguliwa kwenye drafti ya Aprili, pale timu zinapogawana wachezaji wa vyuo, timu moja ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ikamsainisha siku zilizofuata, akachanika msuli wa nyuma ya paja kwenye mazoezi ya timu mwezi Mei, na wakala anamwambia anyamaze mpaka kikosi kitangazwe mwishoni mwa Agosti. Ukauliza na asilimia ya wakala, na uzito, na kama ligi ya Kanada inalipa. Nilipofika hapo kwenye "anyamaze" chai ilinipalia.

Asinyamaze. Hayo mengine tutayaongea.

Mimi nilicheza ulinzi, pembeni mwa mstari wa mbele, kazi yangu kumkimbiza kwotabeki, yule mrusha mipira wa wapinzani. Wazazi walituhamishia Houston nikiwa mdogo, nikacheza mpaka chuo, na kama dogo wako sikuitwa kwenye drafti, nikasainiwa jioni ile ile kwa bonasi ambayo gari la maana hununui. Usihangaike kunitafuta mtandaoni. Takwimu zangu za NFL ni safi kabisa, hazina hata namba moja ya kuzichafua.

Elewa kambi ya kabla ya msimu ilivyo. Mnaingia watu 90, wanabaki 53. Kule kambini hamlipwi mshahara, mnapewa posho ya wiki. Mshahara unaanza kuhesabiwa ligi ikianza. Mwaka 2025 kima cha chini cha mchezaji mpya kilikuwa dola 840,000, zinalipwa kwa wiki 18 za msimu, yaani zaidi ya 46,000 kwa wiki. Enzi zangu ilikuwa karibu nusu ya hiyo, na bado nikiiwaza usingizi unapaa. Kuna kikosi cha mazoezi pia, cha wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa kwenye wale 53, dola 13,000 kwa wiki kwa kima cha chini cha mwaka huo huo. Ukitemwa Agosti bila chochote kwenye maandishi, unapata tiketi ya kurudi kwa mama.

Sasa goti langu. Wiki ya pili ya kambi, zoezi la kusukumana, mwenzangu akaniangukia kwa nyuma na goti likalia "ta!" Nililisikia mimi, na nadhani hata wauza soda walilisikia. Usiku limevimba. Nikampigia wakala. Akaniambia maneno ambayo nina hakika ndiyo anayoambiwa dogo wako sasa hivi: ukionekana chumba cha matibabu umekwisha, hakuna anayeingia kikosini akiwa amekaa kwenye beseni la barafu, funga bandeji, kaza meno. Kocha mmoja msaidizi naye alikuwa akipita karibu na meza za matibabu anacheka, anauliza nani kaja likizo leo. Nikakaza meno. Kila asubuhi mtaalamu wa tiba ananiuliza vipi, nami najibu niko fiti. Kila asubuhi anaandika "yuko fiti". Nilikuwa namsaidia kuandaa ushahidi dhidi yangu mwenyewe, bure, bila hata posho ya nyongeza.

Wakanitema. Siku ya kutemwa unapitishwa kwa daktari. Anakukunja mguu, anakuuliza kama una tatizo lolote, unasaini fomu. Nikasema sina. Nikasaini. Naomba usome hii sehemu mara mbili: mkataba wa kawaida wa NFL unasema ukiumia ukiifanyia timu kazi, timu inakutibu na inaendelea kukulipa kwa mujibu wa mkataba ule mpaka upone au msimu uishe. Haiwezi kukutupa nje ukiwa umevunjika. Ndiyo maana huwa kuna mazungumzo ya malipo ya majeraha, timu inakadiria wiki utakazokaa nje, inakulipa, mnaachana. Haya yote yanamhusu mtu ambaye karatasi zinasema ameumia. Karatasi zangu zilisema nina goti la swala.

Nyumbani nikapigwa picha ya MRI: gegedu la ndani ya goti limechanika. Hata hapo mlango mmoja ulikuwa wazi. Makubaliano ya chama cha wachezaji na ligi yanakupa siku 25 tangu ujue umetemwa kuwasilisha malalamiko ya majeraha, halafu unapimwa na daktari asiye wa timu wala wako. Nikampigia wakala wangu. Akasema tulia, timu mbili zinakuulizia, ukifungua malalamiko utajulikana kuwa msumbufu. Nikatulia. Siku 25 zikapita. Simu iliyoingia ilikuwa ya benki.

Miaka imepita na bado sijui kama alikuwa hajui kanuni au alikuwa analinda uhusiano wake na yule mkuu wa usajili, maana alikuwa na wateja wengine wawili pale pale, wakubwa kuliko mimi. Siku hizi anauza nyumba. Mungu awasimamie wanaonunua. Upasuaji nililipa mwenyewe, kidogo kidogo, na timu zilipokuja kuniita kwenye majaribio majira ya kuchipua nilikuwa nakimbia kama kabati.

Kwa hiyo: maumivu ambayo hayajaandikwa kwenye faili la timu hayapo. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyotoka nayo NFL, na dogo wako ana bahati kuliko mimi kwa sababu paja lake limeumia kwenye mazoezi ya timu, si kwa kucheza mpira na washikaji bustanini. Akilitaja sasa, ni jeraha la kazini. Akilificha, likakatika Agosti, wataanza kuuliza lilianza lini. Tena mkataba unamtaka aeleze hali zote za mwili anazozijua anapopimwa. Akificha anawapa sababu.

Amwambie daktari wa timu, aombe nakala ya kilichoandikwa. Kisha aende kwa daktari mwingine anayemtaka yeye. Ni haki yake kwenye makubaliano, na akishamwona wa timu kwanza na ripoti ya huyo wa pili ikafikishwa kwao, gharama ni ya timu. Watu hawalijui hili! Nilikaa chumba kimoja na mtu aliyelipia daktari wa pili kwa kadi yake ya mkopo.

Na asome kama mshahara wake una viwango viwili, kimoja akiwa mzima, cha chini zaidi akiwekwa orodha ya majeruhi. Wachezaji wapya wengi wanasaini hivyo. Hata Damar Hamlin, beki wa timu ya Buffalo Bills, aliyesimama moyo uwanjani Cincinnati tarehe 2 Januari 2023 mbele ya dunia nzima, mkataba wake ulikuwa wa namna hiyo, na ilibidi timu ikubali kumlipa kikamilifu. Hamlin alikuwa na nchi nzima inamwombea. Dogo wako anakuombea wewe na mama yenu.

Mdau hapo juu aliyemtolea mfano Daniel Adongo, Mkenya wa raga aliyesainiwa na timu ya Colts 2013 akageuzwa lainibeki (mlinzi wa nyuma ya mstari wa mbele) bila kuwahi kucheza mchezo huu: ni kweli, na tulishangilia wote. Ila yule walimsaini wakijua wanamfundisha kuanzia sifuri, wakampa muda. Kornabeki ambaye hakuchaguliwa hapewi muda, anapewa wiki tano na namba ya jezi inayofanana na ya mtu mwingine.

Asilimia ya wakala: chama kinaruhusu mwisho tatu. Anayetaka zaidi ni mwizi, na anayechukua moja na nusu kisha anamwambia mtoto anyamaze ni mwizi pia.

Ya uzito na ya Kanada nitarudi nikitoka zamu. Kambi inafunguliwa mwishoni mwa Julai, kwa hiyo mpigie dogo usiku huu, mwulize jambo moja tu: kwenye faili la timu, paja lake limeandikwaje? Akijibu "sijui", nitumie ujumbe binafsi nikupe namba ya idara ya chama cha wachezaji inayoshughulikia majeraha. Wanapokea simu hata ya mchezaji ambaye hajacheza mechi.