Appomattox: mahakama iliungua, vitabu vya kodi vipo

Umeuliza pa kutafuta ukoo wa kaunti ya Appomattox, Virginia, maana mahakama iliungua 1892 pamoja na kumbukumbu zake. Anza na vitabu vya kodi ya ardhi: nakala zilipelekwa Richmond, mji mkuu wa jimbo, na leo zimo kwenye Maktaba ya Virginia. Zisome mwaka hadi mwaka, usiruke. Shamba likihamia jina jingine, au likiandikwa la marehemu fulani, hapo pana kifo au mauzo. Daftari za vizazi na vifo, kuanzia 1853, nazo zilinakiliwa. Waliozaliwa utumwani wameorodheshwa chini ya jina la mmiliki, kwa hiyo lijue hilo kwanza. Kaunti hii iliundwa 1845 kutoka kaunti jirani, kwa hiyo kwa miaka ya kabla hamia Prince Edward, Charlotte au Campbell. Buckingham ni kaunti mama nyingine, lakini mahakama yake nayo iliungua 1869, huko pia tegemea vitabu vya kodi.